Mama Alipotundikiwa Dripu

Majuzi mwenzetu mmoja aliugua pale Mikocheni, kwenye kiwanda cha maji ya chupa ninakofanya kibarua kwa sasa. Tukachanga, tukatoka baada ya kazi kwenda kumwona kwake. Mmoja alibeba machungwa, mwingine soda, na mimi nikakabidhiwa kopo la glukosi. Njiani kifuniko kililegea, unga kidogo ukanimwagikia vidoleni, nami bila kufikiri nikaulamba. Ubaridi ule ukanipanda kwenye ulimi, ule ubaridi wa glukosi ambao hauko kwenye sukari ya chai, nami nikasimama hapo hapo barabarani.

Nikamwambia mwenzangu, "Shika wewe."

"Kwani zito?"

"Ndiyo," nikasema. "Zito."

Alicheka, akalichukua kopo. Sikumweleza. Watu wa rika langu hatupendi kueleza mambo haya, maana kila mmoja ana la kwake, na ukianza wewe hutamaliza. Lakini tangu siku hiyo sijakaa vizuri. Kwa hiyo naandika.

Tulikuwa tunakaa Mbagala, bondeni nyuma ya soko, kwenye nyumba ya kupanga yenye ukumbi mrefu na vyumba pande zote mbili. Baba alikuwa utingo wa malori ya kwenda bara, na nyumbani alikuwa kama mgeni mwenye heshima. Akija tulipika wali, akiondoka tulirudia ugali. Mama alikaanga mihogo karibu na geti la shule. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mweusi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kutosha kumwita mtoto kutoka ng'ambo ya bonde. Chumba cha mkabala alikaa Mama Zai, Mzaramo wa hapo hapo Mbagala, ambaye ukoo wake ulikuwa na mikorosho pale kabla ya sisi sote kuja kujazana.

Wawili hawa walikuwa watani, na utani wao ulianza kabla ya chai. Mama Zai akifungua mlango tu: "Mnyamwezi, hujatua mizigo? Mmekuja pwani kwa miguu mmebeba meno ya tembo ya wenyewe, mpaka leo mnahangaika!" Mama, akiwa anamenya mihogo, alijibu bila kuinua kichwa: "Na nyie mlitupokea mkiwa mnacheza ngoma. Mpaka leo haijaisha." Wapangaji wengine walicheka, siku ikaanza. Sikumbuki asubuhi hata moja ambayo Mama alikosa jibu.

Zahanati ilikuwa jirani, nyumba ya kawaida iliyopakwa rangi ya kijani kibichi mpaka kiunoni. Mwenyewe tulimwita Dokta Pole. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa mlangoni, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita hivyo kwa sababu lilikuwa neno lake la kwanza kwa kila aliyeingia, mkubwa kwa mdogo. Kabla hajauliza unaumwa nini, alisema pole. Kwa bibi vizee alitanguliza shikamoo, kisha pole. Alikumbuka majina ya watoto na darasa walilopo. Alikuwa peke yake mle ndani: yeye daktari, yeye mpimaji, yeye mchoma sindano, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa mpaka limekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baadaye nilisikia kwamba hakuwa daktari hasa. Wengine walisema alisomea utabibu, wengine wakasema alianza akaishia njiani. Sijui. Mimi mwenyewe shule niliiachia njiani, sina mdomo wa kumcheka mtu kwa hilo. Ila mimi sichomi watu sindano.

Mliokulia kule mtakumbuka tulivyokuwa tunaulizana majibu ya maabara kama matokeo ya mtihani. Mtu akitoka kwa daktari, barazani wanamsubiri: "Umekutwa na ngapi?" Naye anajibu, "Malaria mbili, na taifodi." Mwingine anadakia, "Afadhali yako, mie juzi nne!" Na aliyekuwa na nne alipewa nafasi ya kukaa kwenye kivuli. Malaria yenyewe ilikuwa na hesabu, na mimi kwa akili yangu niliamini kwamba hao ni wadudu kamili, wawili au wanne, wanaotembea ndani ya mtu kama mende kwenye kabati. Nilimwonea huruma mwenye nne kuliko mwenye mbili. Nilijiuliza wanalala wapi, wanakula nini, kama wanajuana.

Kilichokuwa hakikubaliki kabisa ni kuambiwa huna kitu. Siku moja Mama Zai aliambiwa hivyo na zahanati nyingine, ya upande wa barabara ya Kilwa. Alirudi anawaka. "Kichwa kinanigonga, viungo vinauma, mtu ananitoboa kidole, ananitazama machoni ananiambia sina kitu! Mie kichaa? Nimekwenda kule kutembea?" Hakuna aliyekwenda tena kwa yule mpimaji. Ndani ya muda mfupi pale pakawa duka la simu. Dokta Pole hakumwambia mtu yeyote kwamba hana kitu. Kwake ulitoka na jina la ugonjwa na dawa mkononi, umeshapewa pole, na ulijisikia mtu.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliuliza mpaka nikapigwa, nikauliza tena. Siku moja nilimsindikiza Mama kupimwa, nikamwomba Dokta Pole anionyeshe hao wadudu wawili wa Mama. Mwingine angenifukuza. Yeye alicheka, akaninyanyua, akanisimamisha kwenye kiti mbele ya hadubini. "Funga jicho moja, Rehema. Tazama taratibu." Nikatazama. Nikaona mwanga hafifu, na ndani ya mwanga vitu vyeusi, virefu, vimepinda, vinapandana na kushuka. Niliruka nikakaribia kuanguka.

"Umewaona?"

"Nimewaona! Wana miguu!"

Alicheka sana, na Mama akacheka, na mimi nikawasimulia watoto wote wa bondeni kwamba nimeiona malaria kwa macho yangu, ina miguu mirefu myeusi. Miaka mingi ilipita. Nikiwa Msasani, naosha vyombo kwenye nyumba ya watu, mtoto wa pale alikuwa na hadubini ya kuchezea, nikatazama, nikawaona wadudu wale wale. Zilikuwa kope zangu.

Na yeye je, alipokuwa akitazama, aliona nini? Swali hilo nimelizungusha kichwani muda mrefu kuliko maswali yote. Sidhani kama alikuwa mwongo. Nadhani alikuwa amechoka, mwanga ulikuwa hafifu, foleni ndefu, na watu wote waliokuja walikuwa wameshajua wanachotaka kuambiwa.

Mama alianza na kiu. Alikunywa maji kama mtu anayefuturu. Alikuwa na kikombe chake cha bati, akawa anakijaza, anakimaliza akiwa amesimama, anakijaza tena, na mimi ndiye niliyetumwa bombani, kwa hiyo kiu yake niliijua kwa mabega yangu. Na kama alivyokunywa ndivyo alivyokwenda chooni. Choo chetu kilikuwa kimoja, nyuma ya nyumba, na nyumba ilikuwa na watu wengi.

"Mnyamwezi, umehamia chooni?" Mama Zai alimwambia akiwa na ndoo yake anasubiri. "Tumwambie mwenye nyumba akukodishe?"

"Nakilinda," Mama alijibu kutoka ndani. "Nikikiacha wazi nyie mtakifanya uwanja wa ngoma."

Kisha akaanza kukonda. Magauni yalimning'inia. Bangili ambayo alikuwa akiitoa kwa sabuni ikawa inatoka yenyewe na kuanguka kwenye karai la mihogo. Miaka ile kukonda kulikuwa na jina moja tu mtaani, na jina lenyewe halikutajwa kwa sauti. Watu walinyamaza ukipita, kisha wakaendelea. Mke wa utingo wa lori, anayekonda. Hawakuhitaji kusema zaidi. Mimi sikuelewa kwa nini wateja wa mihogo walipungua, nilidhani wameshiba.

Kwa hiyo nieleweke ninaposema kwamba Mama aliipenda malaria yake. Aliporudi kwa Dokta Pole na kukutwa na mbili, alisimama katikati ya ukumbi akatangaza kama mtu anayenadi, "Malaria mbili! Ndiyo iliyonimaliza hivi. Malaria tu!" Akameza vidonge. Akakaa siku kadhaa, kiu ikawa pale pale, miguu ikaanza kumchoma kama amekanyaga pilipili. Akarudi, akakutwa tena nazo, akachomwa sindano. Ikawa hivyo. Kila alipokwenda alikutwa na mbili, na kila alipokutwa nazo alirudi na uso wa mtu aliyesamehewa.

Hapo ndipo watu walipoanza kusema dripu. Mnajua heshima ya dripu. Vidonge ni vya kila mtu, sindano ni ya mgonjwa, lakini kutundikiwa dripu ni jambo la kuhadithiwa. "Mgonjwa kaishiwa maji," Mama Zai alisema. "Si mnaona anavyokunywa? Mwambieni Dokta amtundikie, mtu arudishe mwili." Aliyasema kwa mapenzi. Ni yeye aliyempeleka, amemshika kiuno, na mimi nyuma na mkeka. Na Dokta Pole alikubali haraka, tena kwa furaha, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kukubaliana.

Chupa ilifungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Nilikaa kwenye kigoda chini yake, nikatazama matone. Tone lilivimba, likasita, likaanguka. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kinachofanya kazi kwa utulivu namna ile. Nikamwuliza Dokta mle ndani mna nini.

"Maji yenye sukari, mwanangu. Ya kumpa mama nguvu."

Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Sukari nilikuwa naijua. Kama dawa yenyewe ni sukari, basi atapona, maana hakuna kitu kizuri kuliko sukari, na sasa ilikuwa inaingia moja kwa moja bila hata kupita mdomoni.

Wageni wakaja, kama kawaida yetu. Mtu hamwoni mgonjwa mikono mitupu. Walileta soda, wakazifungua wenyewe ili asikatae. Walileta machungwa. Walileta makopo ya glukosi, na kwa sababu mimi ndiye niliyebaki naye, nilipewa kazi ya kukoroga. Mama alipiga kikombe, akaomba kingine. Watu walisema, "Mnaona, anakunywa, anarudi." Wale waliokuwa wakinong'ona juu yake walikuja na soda kubwa kubwa, nadhani kwa aibu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa amelala zahanati, ameongezewa chupa nyingine. Nilikwenda na uji. Alikuwa anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu, kama mtu aliyepanda mlima, ingawa alikuwa hajanyanyuka kitandani. Nikainama kumsalimia. Pumzi yake ilinukia matunda. Naikumbuka vizuri: mananasi yaliyolala, yale ambayo muuzaji anayaweka pembeni kuyauza kwa vipande. Nilipokaribia zaidi harufu ikazidi, nami nikaona wazi kwamba dawa imefika. Utamu ule wote tuliomnywesha na kumtundikia ulikuwa umemjaa mpaka unatoka kinywani. Nilikimbia nyumbani kumpa Mama Zai habari njema.

"Mama ananukia vizuri!" nilimwambia. "Ananukia nanasi!"

Mama Zai alikuwa anafua. Akakausha mikono kwenye khanga, akanifuata, huku amekwisha kuandaa maneno yake njiani. Nilimsikia akiyajaribu kwa chinichini na kucheka peke yake. Alipoingia akasimama miguuni pa kitanda, akashika kiuno.

"We Mnyamwezi! Umelala kama bwana shamba! Mizigo ya watu itabebwa na nani?"

Mama alimtazama. Macho yalikuwa wazi. Hakujibu.

Mama Zai akacheka kidogo, akajaribu tena. "Ukifa nakwambia sanda sikununulii. Nakufunga kwenye gunia la mihogo, nakurudisha Tabora kwa treni ya mizigo."

Hakuna kitu. Pumzi tu, ndefu, na ile harufu.

Ninyi msiokuwa na watani mtaona jambo dogo. Lakini watani hutaniana msibani, hutaniana hospitali, hutaniana mtu akiwa kwenye jeneza na ndugu zake wanajibu kwa niaba yake. Mama Zai alisimama pale mikono ikateremka kutoka kiunoni yenyewe. Uso wake nikauona unabadilika, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaogopa, kwa sababu mpaka wakati ule mimi nilidhani tumeshinda.

Dokta Pole aliingia na chupa ya tatu mkononi. "Pole, Mama Zai. Ana uchovu tu. Tunamwongezea hii."

"Baba, hanijibu huyu," Mama Zai alisema, polepole. "Nimemtukana Tabora yake na hakunijibu."

"Amechoka, dada yangu."

"Huyu? Huyu alinijibu akiwa na uchungu wa kujifungua!" Sauti ikapanda. "Toa hiyo sindano mkononi mwake. Itoe! Namwondoa."

Dokta Pole alisita, chupa iko mkononi. Kisha akaichomoa sindano, akaweka pamba, akambonyeza Mama mkono kwa kidole gumba muda mrefu. Hakubisha. Nadhani na yeye alikuwa ameogopa kabla yetu, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya muuza mkaa. Tulimlaza Mama juu ya magunia matupu, kichwa kwenye mapaja ya Mama Zai, na mimi nimekumbatia kopo la glukosi na soda iliyobakia, maana nilijua huko tuendako atahitaji nguvu. Mama Zai alimtukana njia nzima. Alimtukana ukoo, alimtukana asali ya Tabora, alimtukana tumbaku yao, machozi yanamtiririka yanachora mistari kwenye vumbi la mkaa, na kila baada ya tusi alinyamaza akisubiri.

Hospitali kubwa hakuna aliyetuambia pole. Nesi wa mapokezi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Aliinama, akanusa pumzi ya Mama mara moja tu, akanyoosha mgongo, akaita watu. Akamtoboa kidole, akaweka damu kwenye kijimashine. Akakitazama, akakigonga, akarudia. "Kimeshindwa kusoma," alimwambia mwenzake. "Imepita juu kabisa." Kisha akatugeukia, akaiona mikono yangu.

"Nini hicho?"

"Glukosi," nikasema kwa fahari. "Ya Mama."

"Amekunywa?"

"Sana. Na dripu ya sukari alitundikiwa."

Alininyang'anya kopo. Akaninyang'anya na soda. "Mtu anakufa kwa sukari nyie mnammiminia sukari! Nyie watu mna akili gani? Tokeni, tokeni hapa, kaeni nje!"

Tulikaa nje, kwenye sakafu, weusi wa mkaa. Nilimchukia yule nesi kwa moyo wangu wote. Nilimchukia kama mwizi. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi: kuna daktari mwema aliyempa Mama chakula kitamu kupitia mkononi, na kuna mwanamke katili aliyemnyang'anya. Mama Zai alikuwa anatazama viganja vyake, anavigeuza. Ni yeye aliyesema dripu. Sikumbuki akizungumza nami juu ya jambo hilo hata mara moja mpaka leo, na sasa ni mzee.

Nimekuja kujua kwa kuuliza, nikiuliza kila nesi niliyekutana naye katika kutangatanga kwangu, kwamba harufu ile ya nanasi ni ya mwili unaojila wenyewe. Mtu amejaa sukari na bado anakufa njaa, kwa sababu sukari haiingii mahali inapotakiwa. Na kiu, na choo, na kukonda, na miguu kuchoma, vyote vilikuwa vimekaa mlangoni tangu mwanzo vinabisha hodi. Kipimo chenyewe ni kutoboa kidole. Kidole cha Mama kilitobolewa mara nyingi sana pale zahanati. Damu ilikuwepo. Iliulizwa swali moja tu kila siku, lile lile.

Alikaa hospitali mpaka mihogo ikasahaulika mtaani. Siku Mama alipomjibu Mama Zai sikuwepo, nilisimuliwa. Inasemekana alifumbua jicho moja akasema, "Gunia la mihogo liwe jipya," na Mama Zai akatoka nje ya wodi akalia kwa sauti mpaka walinzi wakaja.

Alirudi mwembamba, na sindano zake za kujichoma tumboni. Friji hatukuwa nayo. Dawa tuliihifadhi ndani ya chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga uliolowanishwa, kona ya chumba, na kazi yangu ikawa kuumwagia mchanga maji. Soda hakuna. Chai bila sukari. Baba alikuja, akakaa, akaondoka.

Kisha, alasiri moja, Dokta Pole akaja kumjulia hali. Ilikuwa heshima kubwa. Mama alivaa kitenge kizuri, akatandika kitanda, akanituma nikaazime kiti chenye mgongo. Dokta aliingia bila koti, nikashangaa jinsi alivyokuwa mdogo bila lile koti. Alikuwa amebeba boksi la juisi za embe, amelifunga utepe.

"Pole sana, Mama Rehema. Pole kwa safari yote."

"Tumeshapoa, Dokta. Karibu. Mungu ni mwema."

Mama alipokea boksi kwa mikono miwili. Akashukuru. Akatoa juisi moja, akaishika, maana mgeni akileta kitu huwezi kukiweka pembeni kama takataka. Niliona anatafuta la kufanya nayo. Dokta Pole akamwambia, "Kunywa, Mama, urudishe nguvu."

Nikasema, "Mama hanywi. Ana sukari. Kule walisema zile dripu zilikuwa zinamwua."

"Rehema!" Mama alinipiga kofi la mgongo. "Toka nje! Mtoto hana adabu huyu, Dokta, nisamehe."

Sikutoka. Nilibaki mlangoni. Dokta Pole hakuniangalia mimi, alimwangalia Mama, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli?" Mama akakunja ncha ya kitenge chake. "Wanasema hivyo, Dokta. Lakini wale nao wana maneno." Alikuwa anamsaidia. Mwanamke aliyenusurika kufa alikuwa anamtafutia aliyemtibu mahali pa kujificha.

Hakujificha. Alisimama, akaitoa ile juisi mikononi mwa Mama taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akalichukua na boksi. Mlangoni akageuka.

"Mama Rehema, usije kwangu tena. Hata ukiumwa kichwa. Nenda kule kule."

Akaondoka. Mama alikaa kitandani, kisha akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia hospitali wala kwenye magunia ya mkaa. "Kanifukuza," alisema. "Nimemkosea nini? Kanifukuza kama mbwa, na zawadi yake kaibeba." Na mimi, niliyemnyima Mama daktari pekee aliyekuwa akimwita kwa jina, nilikwenda kukaa nyuma ya choo mpaka giza likaingia.

Habari ilizunguka bonde zima. Watu walikasirika kweli kweli. Lakini hasira yao naikumbuka ilikuwa ya nini: ilikuwa ya kumfukuza mgonjwa, ya kurudi na zawadi mkononi. Juu ya dripu sikusikia neno. Baada ya muda walitulia, mvua zikaja, homa zikaja na mvua, foleni ya zahanati ikarefuka kama zamani.

Mama naye alishikwa na homa. Tukatoka asubuhi kwenda kule mbali, yeye amejifunika khanga mbili, anatetemeka, ameniegemea begani. Njia ya kwenda kituoni ilipita mbele ya mlango ule wa kijani. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikuwa amekaa pale na mtoto wake mdogo mapajani, mtoto amelegea, ameomba maji, anayanywa kwa pupa kutoka kwenye chupa.

"Mama Rehema! Mbona unapita na hali hiyo? Njoo hapa, leo watu wachache!"

"Mimi alinikataa," Mama alisema, akaendelea kutembea.

Yule mwanamke alitutazama tulivyokuwa, akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini," akasema. Kisha zamu yake ikaitwa, akamnyanyua mwanawe, akaingia.